Siku 150 Kabla ya Maji Kuisha

Tulipohama Umoja mwezi wa Disemba, kitu cha mwisho kupandishwa kwa pikapu kilikuwa sanduku la nyaya. Kila nyumba ya Nairobi ina sanduku kama hilo: chaja za Nokia, rimoti ya TV iliyoibwa zamani, waya wa masikio unaolia upande mmoja. Chini kabisa nikapata CD imefungwa kwa karatasi ya kalenda. Juu yake, kwa maka peni nyeusi, mwandiko wa broo wangu mkubwa: FALLOUT – USIGUSE.

Niligusa. Nilikuwa nimesubiri ruhusa hiyo tangu nikiwa darasa la tatu.

Shida ya kwanza: laptopu yangu haina mahali pa kuingiza CD. Nikashuka Luthuli, nikapata fundi mwenye kisomeo cha nje cha kuchomeka kwa USB. CD ikazunguka, ikalia kama posho mill, ikanyamaza. Fundi akaitoa, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha madoa kama ukungu. "Hii imeoza, boss. CD za kuchoma hazikai." Akaniambia ukweli ambao sikuwahi kuufikiria: CD ya kuchoma nyumbani huandikwa juu ya rangi maalum, na rangi hiyo huchoka na joto, jua na miaka. Tulidhani tunahifadhi. Kumbe tulikuwa tunaahirisha.

Usiku huo huo nilinunua Fallout mtandaoni na kuipakua kabla chai haijapoa. Hapo ndipo swali likaniingia na likakataa kutoka. Gemu iliyotoka 1997, iliyotengenezewa Windows 95 na DOS, imefikaje kwenye mashine yangu ya leo? Kompyuta zake zilitupwa. Kampuni iliyoitoa, Interplay, iliishiwa pesa na kuiuza miliki yake kwa wengine. Nani aliyeibeba mkononi miaka yote hiyo?

Jibu, nilivyokuja kugundua, ni historia ndefu ya watu wasiosikia la mkuu. Na hii si ile methali ya kuvunjika guu.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, kalamu na dadu. Unakaa mezani na wenzako, unajiundia mhusika, shujaa au mchawi au mwizi, halafu mnaingia pamoja kwenye hadithi ambayo hakuna anayejua mwisho wake. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa tayari wameuingiza kwenye kompyuta. Chuo hicho kilikuwa na mfumo ulioitwa PLATO, uliojengwa kwa ajili ya masomo, wenye skrini za rangi ya machungwa na vituo vilivyounganishwa kwa waya miaka mingi kabla watu wa kawaida hawajasikia neno intaneti.

Mmoja wao, Rusty Rutherford, aliandika gemu ya kuzurura mahandakini, kuua mazimwi na kuiba hazina. Hakuipa jina la kuvutia. Aliiacha na jina la nafasi ya faili aliyoitumia: pedit5. Ukiwa msimamizi unapitia orodha ya masomo, pedit5 inaonekana kama kitu cha kuchosha tu. Ujanja huo haukudumu. Wasimamizi waliigundua, wakaifuta kwa sababu inakula nafasi ya masomo. Lakini wanafunzi walishaonja. Gemu nyingine za aina hiyo zikazuka kwenye mfumo ule ule, na mfumo wenyewe unaishi hadi leo kwa jina la Cyber1, ambapo mashabiki wameuinua upya PLATO mzima, na milango iko wazi kwa yeyote anayeomba akaunti.

Yaani kati ya gemu za kwanza kabisa za aina hii, hii ilizaliwa mafichoni na ikafutwa na wakubwa. Shika hilo, kwa sababu litarudi.

Mwaka wa 1979 kijana wa sekondari huko Texas, Richard Garriott, aliandika gemu iitwayo Akalabeth kwenye kompyuta ya Apple II. Nakala za kwanza ziliuzwa dukani alikokuwa anafanya kibarua, zikiwa kwenye mifuko ya plastiki, ile ya kufunga juu kama ya kuweka sandwichi. Kutoka hapo ukazaliwa mfululizo wa Ultima. Mwaka wa 1981 wanafunzi wengine wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, wakatoa Wizardry, gemu katili ambayo mhusika wako akifa, kifo kinaandikwa kwenye flopi papo hapo. Wachezaji walijifunza kuruka na kuchomoa flopi kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Hata kwa gemu, binadamu hujaribu kumhonga malaika wa mauti.

Ile ninayoipenda zaidi katika kizazi hicho ni Ultima IV ya 1985. Haina adui mkuu wa kumuua. Kazi yako ni kuwa mtu mwema: mkweli, mwenye huruma, jasiri, mwenye haki, mwenye kujitolea, mwenye heshima, mcha Mungu kwa maana pana, na mnyenyekevu. Kuna wauzaji wa dawa za uchawi ambao ni vipofu. Unanunua bidhaa zako, halafu unaandika mwenyewe umelipa sarafu ngapi. Ukimpunja, hakuna kengele inayolia. Hakuna askari. Lakini gemu imeona, na mbele ya safari itakudai. Hebu fikiria mama mboga kipofu ambaye Mungu mwenyewe ndiye mhasibu wake. Miaka arobaini baadaye bado sijacheza kitu kinachonitia aibu kwa ustadi kama huo, na siku hizi inatolewa bure kwenye duka la mtandaoni la GOG.

Kampuni nazo ziliogopa wanaonakili, na zilikuwa na sababu. Zikabuni kufuli. Pool of Radiance ya 1988 ilikuja na gurudumu la karatasi lenye herufi za kubuni. Kabla ya kucheza, gemu inakuonyesha alama, unazungusha gurudumu, unasoma neno, unaliandika. Ukipoteza gurudumu umepoteza gemu. Nyingine ziliandika data kwenye flopi kwa njia za ajabu makusudi ili programu za kawaida za kunakili zishindwe. Flopi ina umri, kama CD ya broo. Kufuli ilipokuwa imara sana, gemu ilizikwa pamoja na flopi yake. Zile ambazo wahuni wa kompyuta walizivunja kufuli na kuzisambaza kwa marafiki, nyingi zilivuka. Hadi leo kuna mtu anayejulikana kwa jina la 4am tu, ambaye kazi yake ni kuvunja kufuli za flopi za Apple II, moja baada ya nyingine, ili kilichomo kiokolewe.

Halafu kuna kifo cha pili, kisichohusu flopi wala CD. Gemu inaweza kuwa nzima kabisa, kila biti mahali pake, na bado isifunguke, kwa sababu dunia iliyoizunguka imeondoka.

Miaka ya themanini na tisini, gemu nyingi za kompyuta ziliandikiwa DOS. Waandishi wake walijua mashine ilikuwa ndogo, kwa hivyo walikamua kila tone. Wengine waliifanya gemu ikimbie kwa mwendo wa prosesa yenyewe. Kompyuta ikiwa kasi mara mia, shujaa anavuka ulimwengu kabla hujainua kidole. Ultima VII ya 1992 ilikuwa na mfumo wake binafsi wa kupanga kumbukumbu, ulioitwa Voodoo, na haukutaka kuishi chumba kimoja na programu nyingine za kumbukumbu. Watu walilazimika kutengeneza flopi maalum ya kuwashia kompyuta kwa ajili ya gemu hiyo moja tu. Baadaye Windows za biti 64 ziliacha kabisa kuelewa programu za biti 16. Kuna gemu za miaka ya tisini ambazo zenyewe zingekubali, lakini programu ya kuziweka ni ya biti 16, kwa hivyo unakufa mlangoni. Mwaka wa 2015 Windows 10 ilikuja bila kukubali SafeDisc, kufuli iliyotumika kwenye CD nyingi halali, kwa sababu za usalama. Mtu aliyenunua CD yake kwa pesa zake akafungiwa nje, huku mwenye nakala iliyovunjwa kufuli akiendelea kucheza. Mzaha wa aina hiyo haujiandiki.

Dawa ya kifo hiki ilitoka kwa watu wa kujitolea. DOSBox ilianza kutolewa mwaka wa 2002. Ni emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yako mpya. Mfikirie kama mkalimani kortini. Gemu inazungumza lugha ya prosesa ya 1990, inaomba kadi ya sauti ambayo hakuna anayeuza tena. Mkalimani anasikiliza, anageukia laptopu yako, anaomba jambo hilo hilo kwa lugha ya leo, halafu anarudisha jibu. Anaijua hata kasi: unamwambia aende taratibu, na shujaa wako anarudi kutembea kama binadamu. Ultima VII, ile yenye kiburi, inakubali kuamka ndani ya DOSBox. Mashabiki wengine walikwenda mbali zaidi, wakaandika injini mpya kabisa iitwayo Exult, inayosoma faili za gemu hiyo bila kuihitaji DOS.

Sasa twende Poland, maana hapa ndipo mtoto wa Nairobi atakapojiona kwenye kioo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, Poland haikuwa na sheria ya hakimiliki iliyolinda programu za kompyuta. Gemu ziliuzwa sokoni Warsaw, nakala za kuchoma, mezani, kama vile sisi tulivyonunua filamu tano ndani ya CD moja kule River Road. Wanafunzi wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walikuwa miongoni mwa wauzaji hao. Mwaka wa 1994 wakasajili kampuni, CD Projekt, na kuanza kuuza gemu halali kwa watu ambao hawakuwahi kununua kitu halali. Ungewashindaje wauza nakala ambao ni jana tu mlikuwa meza moja? Mwaka wa 1999 wakaleta Baldur's Gate, gemu ya CD tano, wakaitafsiri yote kwa Kipolandi na kumwajiri Piotr Fronczewski, mwigizaji mkubwa wa nchi hiyo, awe msimulizi. Ndani ya boksi wakaweka ramani na vitu vingine ambavyo meza ya sokoni isingeweza kukupa. Hawakuwatukana wanunuzi wa bandia. Waliwapa sababu ya kuacha.

Mwaka wa 2008 wakafungua duka la mtandaoni la kuuza gemu za zamani zilizorekebishwa zikubali kwenye mashine mpya, bila kufuli yoyote. Ndilo hilo GOG. Miongoni mwa gemu za kwanza kuwekwa rafuni ilikuwa Fallout. Nyingi za DOS unazonunua pale, ukifungua folda yake utamkuta DOSBox amekaa kimya anafanya kazi. Kile kilichotengenezwa bure na watu wa kujitolea kimekuwa mgongo wa biashara.

Bado kuna kifo cha tatu, na hiki hakitibiwi na fundi. Ni kifo cha makaratasi.

System Shock 2, iliyotoka 1999, ni ndoa ya mchezo wa kufyatua bunduki na ule wa kuvaa uhusika, na wengi wanaihesabu kati ya bora zilizowahi kutengenezwa. Mwaka wa 2000, Looking Glass, mojawapo ya studio zilizoitengeneza, ikafungwa. Haki zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. Bima! Kwa miaka mingi gemu haikuuzwa popote, si kwa sababu mtu aliichukia, ila kwa sababu ilikuwa kwenye faili la watu wa hesabu. Kisha, Septemba 2012, mtu asiyejulikana anayejiita Le Corbeau, kwa Kifaransa Kunguru, aliweka kwenye tovuti ya mashabiki wa Ufaransa kiraka kilichoifanya injini ya gemu hiyo ikubali Windows za kisasa. Hakueleza yeye ni nani, wala alikifanyaje. Kipindi hicho hicho, Mmarekani Stephen Kick alikuwa safarini Amerika ya Kati, akataka tu kuicheza kwenye laptopu yake, ikakataa. Akaanza kuuliza ni ya nani, akafika hadi kwa watu wa bima, akaomba ruhusa ya kuirudisha. Februari 2013 ilikuwa inauzwa tena. Kutokana na swali hilo la msafiri ikazaliwa studio ya Nightdive, ambayo kazi yake hadi sasa ni kufufua gemu za aina hiyo.

Na Fallout, CD ya broo? Tim Cain, aliyeongoza utengenezaji wake, amesimulia kwamba alipoondoka Interplay aliamriwa aharibu kumbukumbu zote za kazi alizokuwa ametunza: msimbo, michoro, maelezo. Akatii. Msimbo, kwa anayeuliza, ni yale maandishi ambayo waandishi wa programu huyaandika kwa mikono yao. Ukiwa na gemu bila msimbo una mandazi lakini huna mapishi. Kisha mwaka wa 2025 Rebecca Heineman, mmoja wa waanzilishi wa Interplay, akasema anao msimbo wa Fallout ya kwanza na ya pili. Miaka ya tisini, wakati wa kukusanya gemu za kampuni kwa ajili ya toleo la kuadhimisha miaka kumi, alikuwa amegundua kwamba kazi zao za zamani zimepotea, akaanza tabia ya kuweka nakala ya kila kitu. Alifariki Novemba mwaka huo huo. Icewind Dale II ya 2002 haikuwa na mtu kama yeye: waliotaka kuitengeneza upya walitafuta msimbo wake wakaukosa.

Mtu anaweza kusema, lakini gemu maarufu si zimeokoka? Zilizookoka ni chache. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote. Mwaka uliofuata, maktaba na wahifadhi wa huko waliomba ruhusa ya kisheria ya kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali, kama wanavyofanya na vitabu. Ofisi ya Hakimiliki ikakataa. Hofu ilikuwa kwamba watu wanaweza kuzicheza kwa kujifurahisha.

Sikuja hapa kuhubiri wizi. Anayetunga anastahili kula kwa jasho lake, na mimi ninayeandika haya nalijua hilo hadi mfukoni. Lakini mashairi ya kale ya Lamu na Pate yametufikia kwa sababu watu walikaa chini wakayanakili kwa mkono, wakapeana, wakanakili tena. Kisichonakiliwa hufa, hata kiwe kimefungiwa kwa usalama namna gani. Sheria inayokataza kunakili kitu ambacho mwenyewe hakiuzi, hakitengenezi na pengine hajui hata kwamba anacho, hiyo hailindi mtunzi. Inalinda kabati.

Ukitaka kuanza, huhitaji mashine ya laki mbili. Laptopu kuukuu ya mtumba inatosha na kubaki, na gemu nyingi za miaka ya themanini ni nyepesi kuliko video moja ya WhatsApp. Chukua Ultima IV, ni bure. Bethesda inatoa bure Arena na Daggerfall, na mashabiki wameijenga upya Daggerfall kwa injini ya kisasa, toleo lililokamilika mwishoni mwa 2023. Ukiwa na Morrowind yako, ipe OpenMW. Internet Archive ina maelfu ya gemu za DOS zinazofunguka ndani ya kivinjari. Ukikwama na maandishi meusi ya DOS, usikimbie. Soma kitabu cha maelekezo kwanza, hata kama ni cha kurasa themanini. Zamani nusu ya hadithi iliandikwa humo.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukipata kwenye duka lolote. Kwenye deskitopu yetu ya zamani, iliyouzwa kwa kilo mwaka ule baba alipostaafu, kulikuwa na faili ya broo: mhusika aliyemlea muhula mzima, mwenye jina lake mwenyewe. Hiyo haina Kunguru wala kampuni ya bima. Imeenda.

Nilimpigia simu Doha, ambako analinda jengo usiku. Nikamwambia nimegusa CD yake. Akacheka hadi nikasikia mwangwi wa korido tupu. Fallout inaanza hivi: unaishi kwenye handaki chini ya ardhi, baada ya vita vya nyuklia, na chipu ya kusafisha maji imeharibika. Unatumwa nje kutafuta nyingine kabla maji hayajaisha. Sisi tuliokulia kwenye zamu za maji za Eastlands, na mitungi ya njano imepangwa koridoni, hatukuhitaji kuelezwa.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Natengeneza mhusika. Sijatoka nje bado."

"Sawa. Lakini ujue siku ni mia na hamsini tu. Usizubae kule jangwani kama mtalii." Kisha akanyamaza kidogo. "Na uweke nakala ya hiyo faili mahali pawili. Umeskia?"

Nimeskia. Moja iko kwenye laptopu. Nyingine nimemtumia yeye.